Namna ya Kuchimba Lambo la Familia kwa Bajeti Ndogo: Mwongozo kwa Wakulima na Wafugaji wa Nyanda Kame

Mkoa wa Dodoma hupata mvua kwa msimu mmoja tu katika mwaka. Mvua hiyo huanza mwishoni mwa Novemba au mwanzoni mwa Desemba, hukoma Aprili, na jumla yake katika mwaka wa kawaida huwa kati ya milimita 550 na 600. Kiasi hicho si haba kama inavyodhaniwa. Tatizo ni kwamba mvua huja kwa vishindo, hutiririka juu ya ardhi iliyokauka na kupotelea makorongoni, kisha hufuata miezi saba ambayo wafugaji wa Bahi, Chamwino na Kongwa huswaga mifugo umbali mrefu au kufukua mchanga wa korongo ili kupata ndoo moja ya maji. Lambo, yaani bwawa dogo lililochimbwa ardhini ili kupokea maji yanayotiririka, ni njia ya zamani na nafuu ya kuyazuia maji hayo yasiondoke.

Mwongozo huu unahusu lambo la familia moja linalochimbwa kwa nguvu za mikono na ng'ombe wa plau, pasipo saruji wala mashine. Vipimo vilivyotumika ni vya Dodoma, lakini msomaji wa Singida au Shinyanga anaweza kuvifuata kwa marekebisho madogo, na vivyo hivyo yule wa Makueni au Kitui nchini Kenya, ambako mvua huja kwa misimu miwili na vipindi vya ukame huwa vifupi zaidi. Fedha nyingi za malambo hupotea kwa sababu shimo limechimbwa mahali ambapo maji hayaingii, au yanaingia na kunywewa na ardhi, au yanakaa yakiwa yametandaa hadi jua linayamaliza kabla ya Septemba. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi inayoelezwa hapa hufanyika kabla sururu haijagusa ardhi, na haihitaji fedha.

Hesabu ya maji

Anza kwa kujua unahitaji maji kiasi gani. Ng'ombe wa kienyeji hunywa takriban lita 25 kwa siku wakati wa kiangazi, na mbuzi au kondoo takriban lita 5. Familia yenye ng'ombe 10 na mbuzi 15 inahitaji lita 325 kwa siku kwa ajili ya mifugo, na ikiongeza lita 100 za kumwagilia bustani ndogo ya mboga, mahitaji yanafika lita 425. Mwezi Mei kwa kawaida bado kuna madimbwi mbugani, hivyo hesabu ianzie Juni hadi mwisho wa Novemba, ambazo ni siku zipatazo 180. Jumla ni lita 76,500, yaani mita za ujazo 76.5.

Usichimbe shimo la mita za ujazo 76.5 ukadhani umemaliza, kwa maana katika siku hizohizo 180 jua na upepo wa nyanda hizi huondoa tabaka la maji lenye kina cha mita 1 hadi 1.2, na udongo nao hunywa sehemu yake hata ukiwa mfinyanzi mzuri. Tuchukue mfano wa lambo lenye urefu wa mita 14 na upana wa mita 12 kwa juu, kina cha mita 3, na kingo zenye mteremko wa moja kwa moja na nusu, maana yake kila unaposhuka mita moja ukuta unaingia ndani mita moja na nusu. Kwa mteremko huo sakafu itakuwa mita 5 kwa 3.

Ujazo wa shimo la namna hii hupatikana kwa kujumlisha eneo la juu, eneo la katikati ya kina mara nne, na eneo la sakafu, kisha kuzidisha kwa kina na kugawanya kwa sita. Eneo la juu ni mita za mraba 168, la katikati (9.5 kwa 7.5) ni 71.25, na la sakafu ni 15. Ukizidisha 71.25 mara nne unapata 285, jumla ya yote ni 468, na jibu ni mita za ujazo 234. Fanya hesabu hiyohiyo kwa mita moja ya juu pekee na utaona kwamba inabeba mita za ujazo 132. Zaidi ya nusu ya maji yote imo katika tabaka lile lile ambalo liko karibu zaidi na jua, na ndiyo sababu lambo pana lenye kina cha mita moja na nusu, ambalo wengi hulipenda kwa kuwa ni rahisi kulichimba, hukauka mapema hata kama lilionekana kubwa wakati wa masika. Lambo letu la mfano litapoteza takriban mita za ujazo 100 kwa jua, litapoteza pia kiasi kidogo kwa ardhi, na bado litakidhi mahitaji ya familia likiwa na akiba ya wastani.

Upande wa pili wa hesabu ni maji yanayoingia. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Hekta moja ikipata milimita 550 inapokea mita za ujazo 5,500, lakini katika ardhi ya malisho ni sehemu ndogo tu inayotiririka hadi lamboni. Ukikadiria asilimia 10 hutakuwa mbali, nayo ni mita za ujazo 550. Mwaka wa ukame hali hubadilika vibaya, kwa sababu mvua hupungua na ile inayonyesha hunywewa zaidi na ardhi. Mvua ikiwa nusu na mtiririko ukashuka hadi asilimia 5, hekta hiyo moja itatoa takriban mita za ujazo 137 tu. Kwa lambo letu, basi, tafuta mahali panapopokea maji ya hekta mbili hivi. Eneo kubwa kupita hapo huleta mafuriko na matope ambayo lambo la mikono haliwezi kuyahimili.

Mahali pa kuchimba

Eneo huchaguliwa wakati wa mvua. Vaa viatu vya mpira, toka mvua inaponyesha au muda mfupi baada ya kukatika, na uangalie maji yanatoka wapi, yanakusanyika wapi, yanapita na takataka gani. Weka vijiti mahali maji yalipopita, maana baada ya siku mbili hutakumbuka. Wazee waliokaa hapo kwa miaka mingi watakuonyesha sehemu ambazo madimbwi hudumu hadi Mei, na hiyo ni dalili nzuri kwamba chini kuna mfinyanzi.

Unahitaji ardhi yenye mteremko mdogo sana, chini ya mahali maji yanapotoka na, ikiwezekana, juu ya bustani unayokusudia kumwagilia. Epuka kuchimba ndani ya korongo lenyewe, kwani mvua moja kubwa huweza kujaza shimo mchanga kwa usiku mmoja. Epuka pia kuwa chini ya choo, zizi au makaburi, pamoja na sehemu yenye miti mikubwa, kwa sababu mizizi hupasua ardhi na ikioza huacha mirija ya kupitishia maji. Sehemu yenye kichuguu kinachoishi mchwa haifai hata kama kila kitu kingine kinafaa, kwa kuwa njia za mchwa huenda kina kirefu na huweza kunyonya lambo zima. Tutakirudia kichuguu hapa chini kwa faida yake.

Kabla ya kuweka vigingi, onana na serikali ya kijiji na ofisi ya Bodi ya Maji ya Bonde linalohusika. Tanzania imegawanywa katika mabonde tisa, na sehemu za Dodoma ziko katika zaidi ya bonde moja, hivyo uliza lako ni lipi. Bodi ndiyo inayoeleza kama ukubwa unaokusudia unahitaji kibali chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009. Kumbuka pia kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuathiri mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto, ziwa au bwawa. Ukitaka kuyaelekeza maji ya mtaro wa barabara ya kijiji, zungumza kwanza na TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini. Jirani aliye chini yako asisahaulike: mwonyeshe maji ya ziada yatakapotokea, mkubaliane, na makubaliano yaandikwe mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Ugomvi wa maji hugharimu kuliko sururu kumi.

Udongo

Hapa ndipo pa kutumia muda bila haraka. Chimba mashimo matatu ya majaribio, moja katikati ya eneo la lambo, moja upande wa maji kuingia na moja upande wa mbali, kila moja likishuka nusu mita zaidi ya kina unachotarajia. Kwa lambo la mita 3 shimo litakuwa la mita 3.5, nalo lifanywe pana kiasi cha kutosha na lisiachwe wazi usiku. Kila nusu mita toa udongo, uuweke pembeni kwa mpangilio, na uangalie unavyobadilika. Tabaka la changarawe au mchanga la unene wa kiganja kimoja tu linatosha kuumaliza mradi usipolitambua mapema.

Kutoka katika kila tabaka chukua udongo ujazo wa ngumi, uloweshe, uukande kama unga wa chapati hadi uache kunata mikononi. Ufanye donge, urushe juu kiasi cha nusu mita na uudake. Donge la mchanga litasambaratika. Kisha usukume kati ya kidole gumba na cha shahada ili utoke kama utepe. Utepe unaozidi sentimita tano kabla ya kukatika unaonyesha mfinyanzi wa kutosha.

Kipimo cha maji ndicho chenye uamuzi. Chimba shimo la kina cha kiuno, lijaze maji asubuhi hadi ukingoni. Jioni sehemu ya maji itakuwa imeshuka, kwani kuta kavu lazima zinywe kwanza. Jaza tena, funika kwa matawi yenye majani, na uache hadi kesho yake. Ukikuta sehemu kubwa ya maji bado ipo, udongo huo unashika maji. Ukikuta shimo tupu, tafuta mahali pengine, au anza kuhesabu gharama ya kufunika sakafu yote kwa udongo wa kuletwa.

Kuna kipimo kingine ambacho wachimbaji wengi hawakifanyi, ingawa kinahitaji glasi tu. Chukua kidonge kikavu cha udongo chenye ukubwa wa punje ya hindi, kitumbukize taratibu katika glasi ya maji ya mvua, na usikitikise. Kidonge kikilainika na kuporomoka huku maji yakibaki maangavu, hakuna wasiwasi. Lakini ukiona wingu la tope linaenea lenyewe kutoka kwenye kidonge na maji hayatulii hata baada ya saa moja, udongo huo una chumvi ya sodiamu inayoufanya uyeyuke. Tuta lililojengwa kwa udongo huo hutobolewa na maji kutoka ndani bila dalili ya nje, na kingo zake hubomoka kila mwaka. Katika sehemu za Bahi zenye ukoko mweupe juu ya ardhi, kipimo hiki kisirukwe.

Udongo mweusi wa mbuga una tabia mbili. Ukilowa hushika maji vizuri, lakini ukikauka hupasuka nyufa ambazo mkono huingia. Unafaa kwa sakafu ambayo hubaki na unyevu mwaka mzima, haufai sana kwa kingo za juu ambazo huachwa wazi maji yanaposhuka.

Wakati wa kuchimba na namna ya kulipa

Anza Mei, mara baada ya mvua kukoma, ardhi ingali na unyevu. Kongwa ina somo lake katika hili. Serikali ya Uingereza ilipoanzisha huko mpango wake mkubwa wa karanga mwaka 1947, udongo uliolimika wakati wa mvua uligeuka mgumu mno kiangazi hata karanga zikashindikana kung'olewa, na mpango mzima ukaachwa mwaka 1951. Mwenye sururu na beleshi hana sababu ya kupambana na ardhi ambayo iliyashinda matrekta. Kilichochimbika kwa siku moja mwezi Mei huweza kuchukua siku mbili au tatu mwezi Septemba.

Mtu mmoja mwenye nguvu huchimba na kutoa nje mita moja hadi mbili za ujazo kwa siku. Ukichukua moja na nusu, lambo letu la mita za ujazo 234 linahitaji siku 156 za mtu mmoja. Kwa familia nyingi hiyo ni kazi kubwa mno kwa msimu mmoja, na hakuna ulazima wa kuimaliza kwa msimu mmoja. Hata hivyo, namna ya kuigawa ina maana. Ushauri wangu ni kuchimba kina chote mwaka wa kwanza na kupunguza urefu: lambo lenye urefu wa mita 10, upana uleule wa mita 12 na kina cha mita 3 lina mita za ujazo 144, sawa na siku 96 za mtu mmoja, au watu wanne kwa siku 24. Mwaka unaofuata unalirefusha mita 4 na kupata ujazo kamili. Anayechimba mita moja na nusu kwa eneo lote, akitarajia kuongeza kina mwakani, atakaa mwaka mzima na sahani ya maji ambayo jua litainywa, na mwakani atalazimika kuiharibu sakafu iliyokwisha kuziba.

Vibarua walipwe kwa kipande na si kwa siku, na kipande kipimwe kwenye shimo. Udongo ukichimbwa huvimba kwa takriban robo, kwa hiyo anayepima lundo atalipa zaidi ya kazi iliyofanyika, na mzozo hautakosekana. Kubalianeni bei mbili tangu mwanzo, ya chini kwa mita moja na nusu ya juu na ya juu zaidi kwa sehemu iliyobaki, kwa kuwa kuanzia hapo udongo hauwezi kurushwa nje mara moja. Hupandishwa kwanza kwenye ngazi ya kati, au hupokezanwa kwa karai. Plau ya ng'ombe hupunguza gharama sana katika mita ya kwanza: inalegeza udongo, na watu wanabaki na kazi ya kuzoa tu.

Kuhusu kijiko, yaani mashine ya kuchimbia, mara nyingi kinachoumiza ni gharama ya kukisafirisha hadi kijijini kuliko saa za kazi yenyewe. Ikitokea kipo jirani kwa kazi ya barabara, majirani watatu wanaochangia kwa pamoja wanaweza kupata bei nzuri kuliko vibarua. Kukiagiza kutoka mjini kwa lambo moja dogo sikushauri.

Kuweka alama na kuchimba

Simika vigingi vya pembe nne za juu na uzungushie kamba. Ili pembe ziwe mraba, pima mita 3 upande mmoja na mita 4 upande wa pili. Mstari unaounganisha ncha hizo lazima uwe mita 5. Ndani yake weka vigingi vya mstatili wa sakafu, ambao kwa mwaka wa kwanza ni mita 3 kwa mita 1. Usawa upimwe kwa mpira wa levo wanaoutumia mafundi ujenzi, na kina kihesabiwe kuanzia ukingo ulio chini zaidi, kwani maji hayatapanda juu ya hapo.

Ondoa kwanza udongo wa juu wenye rutuba, sentimita 15 hadi 20, na uutenge kwa ajili ya bustani. Kisha chimba mstatili wa sakafu kwa kushuka wima, ukipanua kila unapofika kina cha mita moja, na mwisho ukate mteremko kutoka kamba ya juu hadi ukingo wa sakafu. Tumia fremu ya mbao yenye umbo la pembetatu, mita moja wima na mita moja na nusu mlalo, kukagua mteremko. Ukuta wima usiachwe ukazidi urefu wa mita 1.2 watu wakiwa chini yake, na mchimbaji yeyote anayefukua pango chini ya ukuta ili udongo uanguke wenyewe asimamishwe papo hapo. Watu hufa kwa njia hiyo.

Udongo unaotoka usirundikwe ukingoni. Acha njia ya mita moja na nusu kuzunguka lambo, ndipo ujenge tuta kwenye pande mbili zitakazokuwa ndefu lambo likikamilika, ukiacha wazi upande wa mbali ambako lambo litarefushwa mwakani. Tuta lijengwe kwa matabaka ya sentimita 15, yanyunyiziwe maji kidogo na kushindiliwa. Katika lambo la aina hii maji hukaa chini ya usawa wa ardhi, kwa hiyo tuta si la kuzuia maji. Kazi yake ni kukinga upepo na kuzuia mifugo na maji machafu ya pembeni, na kwa sababu hiyo kubomoka kwake hakuwezi kuleta mafuriko kwa walio chini.

Kuziba sakafu

Kama vipimo vya udongo vilikuwa vizuri, inatosha kulowesha sakafu na kingo, kuzikwaruza kwa jembe na kuzishindilia. Kama kuna sehemu zenye mchanga, hapo ndipo kichuguu kinapopata kazi. Udongo wa kichuguu cha zamani ni mlaini, mchwa wamekwisha kuuchambua, na ni ule ule unaotumika kukandika nyumba na kufyatulia matofali. Ponda, chekecha mawe na mizizi, lowesha hadi ushikane bila kunata, tandaza sentimita 10, shindilia hadi kisigino kisiache alama, kisha ongeza tabaka la pili. Kishindilio cha gogo kizito chenye mpini wa wima kinatosha kwenye kingo. Kwenye sakafu, ukiwa na nafasi, ingiza ng'ombe wachache waikanyage ikiwa na unyevu. Kwato hushindilia kuliko miguu ya mtu. Hiyo ndiyo mara ya pekee mifugo kuruhusiwa kuingia lamboni.

Wengi huuliza kuhusu turubai maalumu la bwawa. Ni zuri, lakini lambo la mita 14 kwa 12 huhitaji takriban mita za mraba 250 ukijumlisha nusu mita ya kufukia kila upande, na haliendani na mpango wa kurefusha lambo, kwa sababu vipande viwili haviunganishwi bila mashine ya joto. Nailoni nyeusi ya ujenzi ni rahisi kwa bei, ila jua huifanya ikatike, na udongo unaoifunika kwenye mteremko huteleza ukaingia majini. Ninaona ni heri fedha hizo ziende kwenye mita za ujazo zaidi.

Kiingilio, kinasa matope na utoro

Maji ya kwanza ya msimu huja na kinyesi, majani na mchanga. Kabla hayajaingia lamboni yapitie kwanza kwenye ukanda wa nyasi wa mita kadhaa, kisha kwenye kinasa matope, ambacho ni shimo la mita 3 kwa 2 lenye kina cha mita 1, mita tatu au nne kabla ya lambo. Maji hupungua kasi humo na mchanga hutua. Kutoka hapo yashuke lamboni juu ya mawe yaliyopangwa kwenye mteremko wote hadi sakafuni, kwa sababu maji yanayoangukia udongo mtupu huchimba korongo ndani ya lambo kwa mvua mbili tatu. Wenye subira huziba mlango wa kiingilio wakati wa mvua ya kwanza kabisa na kuyaacha maji hayo machafu yapite pembeni.

Utoro wa maji, yaani njia ya maji ya ziada, uwekwe kwenye mmoja wa pande zitakazokuwa ndefu, karibu na kiingilio, ili usije ukahamishwa wakati wa kurefusha. Sakafu yake iwe na upana wa mita 1.5 hadi 2, iwe sentimita 30 chini ya ukingo, itandazwe mawe na kupandwa nyasi, na imwage maji mahali mlipokubaliana na jirani.

Uzio, matumizi na usalama

Weka uzio kabla ya mvua, si baada yake. Miiba iliyokatwa inafaa kwa mwaka wa kwanza, huku mkonge au minyaa ikikua. Mtu anayekata minyaa akinge macho, kwani utomvu wake huunguza. Kingo za mteremko huu huteleza zikilowa, kwa hiyo kata ngazi upande mmoja, zipange mawe, na funga kamba nene yenye mafundo kutoka kwenye kigingi imara hadi majini, mwisho wake ukiwa na dumu tupu lililofungwa kifuniko. Mtoto au mtu mzima aliyeteleza hana kitu kingine cha kushika.

Mifugo inyweshwe nje, kwenye mbauti, yaani birika la kunyweshea mifugo, iliyo mita 10 au zaidi chini ya lambo, kwa ndoo au pampu ya kukanyaga. Mifugo ikiingia lamboni huvunja kingo, hujaza matope na kuchafua maji ya kila mtu. Perege wachache husaidia kula viluwiluwi vya mbu. Ondoa majani yanayoota ukingoni, kwani konokono wanaoeneza kichocho hupenda kukaa humo, na watoto wasiruhusiwe kuogelea. Maji ya lambo si ya kunywa binadamu. Ikilazimu, yatulizwe kwa unga wa mbegu za mlonge, yachujwe, kisha yachemshwe.

Mwaka wa kwanza wa maji

Simika mti ulionyooka katikati ya lambo, uwe na alama kila sentimita 10, na uandike usomaji kila Jumapili. Ukihisi maji yanashuka kuliko kawaida, usikimbilie kukarabati; tambua kwanza kama ni jua au ardhi. Chukua ndoo, ijaze maji ya lambo, isimamishe kwenye jiwe majini ili mdomo wake ubaki juu, na uweke alama ya maji ndani ya ndoo na nje yake. Baada ya siku tano linganisha. Yaliyoshuka ndani ya ndoo yameondoka na jua. Kinachozidi kwa nje ndicho kinachonywewa na ardhi. Milimita moja au mbili kwa siku zinavumilika, na hupungua zenyewe matope laini yanapotua. Zikizidi tano, subiri lambo lishuke Oktoba, tafuta sehemu yenye mchanga na uizibe kwa udongo wa kichuguu. Wakati huohuo zoa matope ya kinasa na ya sakafu bila kukwaruza mfinyanzi, uyapeleke bustanini.

Kurefusha lambo mwaka wa pili kunahitaji kugawa kazi mara mbili. Mwezi Mei lambo likiwa limejaa, chimba mita moja tu ya juu katika sehemu mpya, ukiacha mita mbili za ardhi ambayo haijaguswa kati yako na maji. Sehemu ya chini iachwe hadi Septemba au Oktoba, maji yakiwa yameshuka. Udongo wake utakuwa bado na unyevu uliopenya kutoka lamboni, na utachimbika. Ukuta wa katikati uondolewe mwisho kabisa, kuanzia juu kwenda chini. Mahali sakafu mpya na kingo mpya zinapokutana na za zamani, kata vidato vya sentimita 20 ndani ya udongo wa zamani, viloweshe, na ushindilie udongo wa kichuguu juu yake ili matabaka mawili yashikamane kabla ya mvua ya Desemba.